Tuwaenzi Waliotangulia, Tuwalipe Walio Hai

Ndugu wanablogu wenzangu, wahariri, wasomaji wetu, na ninyi wazazi, wajane na watoto wa waandishi mliokubali kukaa nasi leo: poleni na safari, na ahsanteni kwa kuja.

Waandaaji waliniwekea mada mbili, wakaniomba nichague moja. Ya kwanza ni namna ya kuwaenzi wenzetu waliofariki. Ya pili ni malipo ya haki kwa mtu anayeandika. Niliwaomba radhi, nikawaambia sitachagua, kwa sababu kwangu mimi ni mada moja. Mwandishi akifa tunaweka picha nyeusi kwenye kurasa zetu, tunaandika "pumzika kwa amani", tunasambaza makala zake kwa siku tatu. Ni makala zilezile tulizozichukua bure alipokuwa hai. Ni mtu yuleyule aliyekuwa akituma ujumbe kuulizia malipo yake, ujumbe unasomwa na haujibiwi. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunamlilia, na haki yake bado tumeishikilia.

Nianze na waliotangulia.

Tarehe 26 Februari 2015, Avijit Roy na mkewe Rafida Bonya Ahmed walikuwa wanatoka kwenye maonyesho ya vitabu jijini Dhaka, Bangladesh. Roy ndiye aliyeanzisha Mukto-Mona, ukumbi wa mtandaoni wa waandishi wa Kibengali waliotaka kujadili sayansi na dini bila woga. Walivamiwa barabarani na watu wenye mapanga. Roy akafa. Rafida alinusurika akiwa na majeraha ya kichwani na amekatwa kidole gumba, na hakunyamaza. Aliendelea kuandika na kusimama mbele za watu kueleza kilichowapata. Kabla mwaka huo haujaisha, wengine wakafuata. Washiqur Rahman aliuawa mwezi Machi. Ananta Bijoy Das, aliyekuwa akiandikia Mukto-Mona, aliuawa mjini Sylhet tarehe 12 Mei. Niloy Chatterjee aliuawa nyumbani kwake, tarehe 7 Agosti.

Naomba tukae kidogo kwenye hivyo vifo viwili vya mwisho. Ananta alikuwa amealikwa Sweden na chama cha waandishi cha PEN cha nchi hiyo. Aliomba viza, akanyimwa. Niloy alikuwa ameandika, miezi michache kabla, kwamba kuna watu wanamfuata, na kwamba alikwenda kwa polisi wakakataa kupokea malalamiko yake. Wote wawili waliomba msaada wakiwa hai, kwa maandishi, kwa sauti iliyosikika. Ndiyo maana sipendi tunapozungumzia kuenzi kana kwamba ni jambo linaloanzia msibani. Mwenzako akiandika kwamba anafuatwa, heshima anayokudai wakati ule ni kupiga simu, kumtafutia wakili, kumtafutia mahali pa kulala. Maua yana siku yake, lakini si hiyo.

Wengine walifia mikononi mwa dola. Omid Reza Mir Sayafi, mwanablogu wa Iran, alifia gerezani Evin mjini Tehran tarehe 18 Machi 2009, akitumikia kifungo kwa kosa la kuwatusi viongozi. Nchini Kenya, Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu ofisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, akawekwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Central, na kufikia asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza mwili walikuta jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mengine mwilini, wakasema havifanani na mtu aliyejiumiza mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 31. Baba yake ndiye aliyemfuata Nairobi, akiwa amebeba hati ya shamba iwe dhamana ya kumtoa mwanawe.

Sina la kuongeza juu ya hati ile ya shamba. Nawaachia muifikirie.

Kila kifo cha namna hii kikitokea, hukosi kusikia: "Lakini yule si mwandishi wa habari kamili, ni mwanablogu tu." Hilo "tu" limewagharimu watu. Ndugu zangu, suala hili lilikwisha kuamuliwa. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla namba 34, ilieleza kwamba kazi ya uandishi wa habari hufanywa na watu wa aina nyingi: waandishi wa kudumu, wachambuzi, na pia wanablogu na wengine wanaojichapishia wenyewe. Maneno hayo yajueni, maana siku ukisimama mbele ya ofisa anayetaka kukupunguza hadhi ndipo yatakapokufaa.

Nije kwa Daphne Caruana Galizia wa Malta, kwa sababu kwake naona mambo yetu yote mawili yamekutana. Daphne aliandika kuhusu rushwa ya wakubwa wa nchi yake katika blogu yake, na kuna siku wasomaji wa ukurasa huo walikuwa wengi kuliko wa magazeti. Tarehe 16 Oktoba 2017, mchana, alichapisha makala ya mwisho iliyomalizika kwa kusema kwamba mafisadi wamejaa kila unapotazama, na hali ni mbaya mno. Haikupita hata nusu saa, bomu lililotegwa kwenye gari lake likamuua karibu na nyumbani kwake.

Siku anakufa alikuwa na kesi 47 za kashfa zilizofunguliwa dhidi yake. Mwanamke mmoja na ukurasa wake, kesi 47. Na baadhi ya kesi hizo hazikuzikwa naye. Wadai walizigeuzia familia yake. Watoto wanatoka kumzika mama, wanapokea wito wa mahakama. Mtu aliyefungua kesi ya namna hiyo mara nyingi hahitaji hata kushinda. Anataka ulipe wakili, upoteze siku mahakamani, uchoke, ufute.

Lakini tazameni wenzake walivyomuenzi. Waandishi 45 kutoka nchi 15, chini ya uratibu wa Forbidden Stories, shirika linaloendeleza kazi za waandishi waliouawa au kunyamazishwa, walizichukua habari alizokuwa akizifuatilia, wakaziendeleza, na kuanzia Aprili 2018 wakazichapisha kwa pamoja. Aliyemuua alikuwa amelenga kuua habari, na habari ikarudi na vichwa 45. Familia yake ikaweka ukurasa wake hewani. Hadi leo unaweza kuusoma. Na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuwakinga waandishi na wanaharakati dhidi ya kesi za kuwanyamazisha, sheria ambayo watu wengi wanaiita kwa jina la Daphne. Kazi ya marehemu iliendelezwa, maandishi yake yakatunzwa, na aliowaacha wakalindwa. Mimi nikisema kuenzi, nasema hayo.

Sasa wapo wengine, na hawa ndio wengi, ambao hawakuuawa na mtu. Waliugua. Walipata ajali. Walizeeka. Hawatajwi katika orodha ya shirika lolote la kutetea waandishi, na kwa hiyo ni sisi tu tulio nao.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake silitaji kwa sababu ya familia yake, aliyekuwa akiandika kuhusu kuishi na ugonjwa wa figo. Aliandika mambo ambayo daktari hana muda wa kukueleza: unywe maji kiasi gani siku ambayo husafishwi damu, ufanye nini mguu ukianza kuvimba safarini, umwambieje mtoto. Wagonjwa walimfuata kwa maelfu. Alipofariki, mkewe hakuwa na nywila ya barua pepe yake wala ya ukurasa. Chini ya makala ya mwisho watu waliendelea kuandika: "Kaka, mbona kimya?" "Kaka, ile hospitali uliyoisema bado inapokea?" Hakuna wa kuwajibu. Taarifa za kulipia jina la tovuti zikawa zinaingia kwenye sanduku la barua lisilofunguliwa na mtu. Muda ukapita, jina likauzwa. Leo ukiandika anwani ile, unaletewa ukurasa wa kamari.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda, si bahati mbaya ya mtu mmoja. Jina la tovuti linaloishia na .com likiisha muda bila kulipiwa, kwa kawaida linapewa kipindi cha neema, halafu siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa gharama ya ziada, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha linaachiwa yeyote alichukue. Kuna watu kazi yao ni kuvizia majina ya namna hiyo, hasa yale yenye wasomaji waliozoea kuyatembelea. Na ukiwa umeandikia kwenye jukwaa la kampuni, usidhani uko salama zaidi. GeoCities ilifungwa mwaka 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka nayo. Typepad, iliyolea wanablogu wengi tangu mwaka 2003, ilifunga milango tarehe 30 Septemba 2025, baada ya kutoa taarifa ya wiki chache. Aliye hai alihamisha vitu vyake. Marehemu angehamisha nini?

Kwa hiyo naomba kitu kidogo sana kwa kila aliyemo humu. Usiku wa leo, andika kwenye karatasi, kwa mkono, mahali jina la tovuti yako liliposajiliwa, mahali lilipohifadhiwa, na namna ya kuingia. Mkabidhi mtu unayemwamini. Kama unatumia akaunti ya Google, tangu mwaka 2013 ipo huduma ya kuchagua watu watakaopewa data zako akaunti ikikaa kimya kwa muda uliouweka, washa. Makala zako muhimu zihifadhi pia kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, na makala za mwenzako aliyefariki zihifadhi huko leo, usingoje kamati. Dakika chache tu. Kuna kampuni inayouza hifadhi ya miaka 100 kwa dola 38,000 za Marekani. Najua hakuna kati yetu anayeziweza, na hiyo ndiyo sababu ninasema sisi kwa sisi tuchangie kulipia majina ya waliotangulia. Gharama ya jina moja kwa mwaka ni ndogo kuliko tunachochanga kwa matangazo ya tanzia.

Hapo nimeshaingia kwenye fedha, basi niendelee.

Mwaka 2005 ilianzishwa Huffington Post, tovuti ya habari ya Marekani, na ilikua haraka kwa sababu ya maelfu ya wanablogu walioiandikia bila kulipwa hata senti. Waliambiwa malipo yao ni kuonekana. Februari 2011 kampuni ya AOL ikainunua kwa dola milioni 315. Wanablogu hawakugawiwa kitu. Mmoja wao, Jonathan Tasini, aliwaongoza wenzake mahakamani wakidai dola milioni 105. Mwaka 2012 kesi ikatupwa, na rufaa nayo ikakataliwa mwaka huohuo. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi na ngumu kuipinga: mlijua tangu mwanzo kwamba hakuna malipo, na mkaandika. Mlango huo wa waandishi wa bure ulikuja kufungwa na wenyewe Januari 2018.

Nawasimulia kesi hii kwa sababu ya hoja ile ya mahakama. Sheria haikusaidii kudai kitu ambacho hukukidai siku ya kwanza. Ukiambiwa "andika tu, jina lako litakua", na wewe ukaandika, umeshatia saini bila kalamu. Swali la pesa linaulizwa kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Linaulizwa kwa adabu, na linaulizwa kwa maandishi: kiasi gani, lini, kwa njia gani, na makala ikiagizwa halafu isitumike nalipwa nini. Na swali ambalo wengi tunalisahau: baada ya kuchapishwa, makala ni ya nani? Ikitafsiriwa, ikisomwa redioni, ikiwekwa kwenye kitabu, naarifiwa au nasikia kwa watu?

Mhariri mwema hatakasirika ukimwuliza. Atakayekasirika amekupa jibu.

Mtume alifundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hata asiye Mwislamu analielewa jambo hilo. Sisi jasho letu hukauka, nguo ikafuliwa, ikachakaa. Mji wa New York una sheria, ilianza kufanya kazi Mei 2017, inayosema kazi ya kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe, mwandishi alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Siku 30 si muujiza. Ni kalenda tu. Kampuni inayolipa umeme kwa wakati inaweza kumlipa mwandishi kwa wakati.

Kuna wizi mwingine ambao tumeuzoea mpaka hatuuoni. Umekesha na habari, umesafiri kwa nauli yako, umepiga picha, umehakiki majina. Asubuhi unaikuta yote kwenye ukurasa wa mtu mwingine, neno kwa neno, picha imekatwa pembeni pale ulipoweka jina lako, na chini pameandikwa "Chanzo: mitandao". Mitandao haina miguu, haikwenda kumhoji yule mama. Ulikwenda wewe. Matangazo yanayolipa kwa idadi ya wasomaji yanamlipa aliyenakili, na kama kurasa zake ni maarufu zaidi, watu watamfikia yeye kwanza. Naomba humu ndani tukubaliane: nukuu aya moja, taja jina, weka kiungo cha kwenda kwa mwenyewe. Anayetaka makala nzima aombe, na alipe. Kuhusu mashine za akili mnemba zinazovuna maandishi yetu, hilo linahitaji kikao chake na wanasheria. Leo sitaligusa zaidi ya kusema kwamba asiye na mkataba na mtu hatakuwa na mkataba na mashine.

Sasa niseme linalotuhusu sisi kwa sisi, na naomba mnivumilie. Wengi humu tunaendesha kurasa za pamoja. Tunaalika vijana watuandikie. Hakuna ubaya: kujitolea ni halali pale ambapo wote tumejitolea. Kikundi hakina mapato, mwenye ukurasa analipia seva kutoka mfukoni, kila mtu anaandika kwa mapenzi. Hapo hakuna anayemdhulumu mwenziwe. Lakini siku tangazo la kwanza linapolipwa, siku mfadhili wa kwanza anapoingiza fedha, hesabu imebadilika. Kuanzia siku hiyo yule kijana ana fungu lake, hata kama ni dogo, na anastahili kuziona hesabu. Wapo wakubwa wetu wanaodai haki kwa mashirika makubwa kwa sauti kali huku ndani ya kurasa zao wana waandishi ambao hawajawahi kuulizwa namba ya akaunti. Hawa siwezi kuwatetea.

Nirudi kwa nini nimekataa kutenganisha mada. Mwandishi wa kujitegemea akikamatwa, sentensi ya kwanza inayotoka kwenye ofisi aliyokuwa akiiandikia ni "huyo si mfanyakazi wetu". Hakuna mkataba, hakuna barua, hakuna hata stakabadhi ya malipo. Kwa hiyo hakuna wakili wa ofisi, hakuna bima, hakuna mhariri anayewajibika kugundua kwamba leo hakupiga simu. Mkataba ni fedha, ndiyo, lakini pia ni karatasi inayosema kwamba mtu huyu ana mwenyewe. Anayelipwa vizuri anaweza kulala kwenye nyumba yenye mlango imara, kupanda gari badala ya kutembea usiku, kulipia matibabu kabla hayajawa mchango wa msiba. Sisemi mshahara ungezuia bomu. Nasema wengi wa wenzetu walikufa wakiwa peke yao kwanza, na upweke huo ulianza kwenye malipo.

Nina mapendekezo, nayo nimeyaweka kwenye karatasi mbili zinazopita hapo kwenye viti.

Ya kwanza ni daftari la waliotangulia. Andika jina la mwandishi, anwani ya blogu yake, tarehe ambayo jina la tovuti litaisha kama unaijua, na ndugu wa kuwasiliana naye. Usiandike jina kabla hujaongea na familia. Kuna familia zinataka maandishi yabaki, kuna nyingine zinataka yafungwe, na uamuzi ni wao. Fedha za kuanzia mfuko huo tuzichange leo, na atakayezitunza asiwe mimi, awe mtu mtakayemchagua, na hesabu zisomwe hadharani.

Ya pili ni karatasi ya viwango. Kila mmoja aandike, bila kutaja jina lake, alilipwa kiasi gani kwa makala yake ya mwisho, ilikuwa ndefu kiasi gani, na alisubiri kwa muda gani. Tukificha viwango vyetu kwa aibu, anayetulipa ndiye peke yake anayejua soko. Wenye kurasa nao wana safu yao upande wa nyuma: mnalipa kiasi gani, au mnaweza kuanza na kiasi gani.

Chini ya karatasi hiyo kuna ahadi ya kulipa ndani ya siku 30. Najua baadhi yenu mnaoendesha kurasa ndogo mtaona ni ngumu, maana ninyi wenyewe watangazaji wanawacheleweshea hata miezi mitatu. Mko sahihi kulalamika, na sitaki mtu aweke saini asiyoweza kuitimiza. Basi mjadala uanzie hapo hapo, na walio na ukurasa wenye mapato chini ya gharama zake wapewe nafasi ya kusema kwanza. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.